RODRIGUES: KUPANDA MITI SI KURUDISHA MSITU



Katika Bahari ya Hindi, karibu kilometa 600 mashariki ya Mauritius, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Rodrigues. Eneo lake lote ni kilometa za mraba zipatazo 108, hata Unguja inaweza kukimeza mara kumi na tano. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Mlima Limon, hakifiki mita 400. Watu wake wamezidi kidogo 40,000, na wengi wao ni wazao wa watumwa waliochukuliwa kutoka Madagascar na bara la Afrika. Kisiwa hicho ni sehemu ya Jamhuri ya Mauritius, lakini tangu mwaka 2002 mambo yake ya ndani yanaendeshwa na Baraza lake chenyewe.

Iko sababu ya kukizungumzia mbele ya hadhara ya walimu na watumishi wa umma. Mambo ambayo nchi kubwa hujifunza kwa karne nyingi, kisiwa kidogo hujifunza upesi, na makosa yake yote huonekana kutoka juu ya kilima kimoja. Rodrigues ilikuwa na msitu, ikaupoteza, ikapungukiwa na maji, na sasa inajitahidi kuurudisha msitu huo. Katika juhudi hizo limezuka swali linalomhusu kila afisa aliyewahi kuhesabu miche iliyopandwa wilayani mwake na kuandika jumla yake katika taarifa ya mwaka: je, kupanda miti na kurudisha msitu ni kazi moja?

Habari za kale za kisiwa hicho zimehifadhiwa kwa bahati njema. Mwaka 1691 Mfaransa mmoja mkimbizi wa dini, François Leguat, alitua huko pamoja na wenzake wachache. Waliishi miaka miwili, wakaunda mashua, wakaondoka mwaka 1693. Kitabu alichokitoa baadaye kinasimulia nchi iliyovikwa miti, yenye vijito vya maji matamu, na kobe wakubwa waliokusanyika kwa wingi hata mtu akaweza kutembea hatua zaidi ya mia juu ya magamba yao pasipo kukanyaga ardhi. Alimweleza pia ndege mkubwa asiyeruka, wa ukoo mmoja na dodo wa Mauritius, ambaye yeye alimwita mpweke kwa kuwa ni nadra kumwona katika kundi.

Muda wa karne moja ulitosha kuyamaliza hayo. Merikebu ziliwabeba kobe kwa maelfu, wakiwa hai, ili wakaliwe Mauritius na baharini. Walikuwako kobe wa aina mbili wasiopatikana penginepo duniani, na karne ya 19 ilipoanza walikuwa wamekwisha au wanamalizikia. Ndege mpweke alikuwa ametoweka kabla ya hapo. Kasuku, bundi na njiwa wa asili nao wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Kisha ulifuata moto wa kusafishia mashamba na malisho, wakafuata ng'ombe na mbuzi, likafuata shoka. Mwaka 1874 wataalamu wa Kiingereza walifika kisiwani kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Mmoja wao, mwana-mimea Isaac Bayley Balfour, alipoanza kukusanya mimea alikuta msitu wa asili umekwisha haribiwa kwa sehemu kubwa sana.

Hapo hapana budi kusema neno moja la haki. Ni desturi ya vitabu vingi kumbebesha lawama mkulima maskini na mbuzi wake. Lakini kobe wa Rodrigues hawakumalizwa na mkulima maskini. Walimalizwa na biashara ya merikebu wakati kisiwa kilipokuwa na watu wachache mno. Mtumwa aliyeachwa huru na kupanda milimani kutafuta kipande cha ardhi aliikuta nchi imekwisha jeruhiwa. Jembe lake na mifugo yake viliongeza jeraha, hilo halikatazwi, ila hakulianza yeye.

Matokeo yake yanaeleweka na mtu yeyote aliyeishi penye vilima vilivyo wazi. Mvua nyingi ya Rodrigues huja katika miezi ya joto, mara nyingi pamoja na vimbunga, na hunyesha kwa nguvu juu ya miteremko mikali. Penye msitu, matone huvunjwa na majani, hushuka taratibu kwa mashina, huangukia tandiko la majani yaliyooza na kuzama ardhini, kisha hutoka polepole chini ya bonde hata miezi ya kiangazi. Penye udongo mtupu mvua ile ile hukimbia. Hubeba udongo mwekundu hadi pwani na kuumwaga katika maji ya kina kifupi yanayozungukwa na mwamba wa matumbawe, mahali ambapo wanawake wa kisiwa hicho huvua pweza kwa mikuki. Kwa hiyo kilima kilichokatwa miti kinamnyima mkulima maji, na papo hapo kinamharibia mvuvi mahali pake pa kazi. Leo kaya nyingi za Rodrigues hupata maji ya bomba kwa zamu, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari imejengwa ili kuziba pengo. Mitambo hiyo ina gharama zake za umeme na vipuri. Kijito hakina gharama hizo.

Serikali haikuketi tu. Hasa katika miaka ya 1970 na 1980 ilifanyika kazi kubwa ya kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko na kupanda miti katika mabonde yanayokusanya maji. Miti iliyochaguliwa ni ile ambayo bwana misitu yeyote wa zama hizo angeichagua: inayokua haraka, inayovumilia ukame, na ambayo mbegu zake zinapatikana kwa urahisi. Mikaratusi ilipandwa, mivinje ikapandwa, na miti mingine ya kigeni iliyokuwapo tangu zamani ikaachiwa ienee. Miongoni mwake ni mti wa matunda wenye asili ya Asia ambao wenyeji huuita jamrosa. Nao uliyajaza mabonde kwa vichaka vizito.

Jambo lililotokea baadaye halikutazamiwa, na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kati ya ndege wote wa nchi kavu waliokuwa mali ya Rodrigues peke yake, ni aina mbili tu zilizofika karne ya 20. Mmoja ni ndege mdogo mwenye mdomo mrefu mwembamba, mla wadudu, apendaye kujificha vichakani. Wa pili ni jamaa wa kwera, mwenye rangi ya manjano na wekundu usoni. Kwa kukosa miti walibakia katika vipande vichache vya pori, na kila kimbunga kilipopita kiliwapunguza. Mwaka 1968 kilikuja kimbunga Monique. Mwaka 1979 kikaja Celine. Katika miaka hiyo aina zote mbili zilikuwa zimebakiwa na ndege wachache hata mtu mmoja mwenye subira angeweza kuwahesabu. Wataalamu wengi walidhani kwamba kimbunga kimoja zaidi kingewamaliza.

Hawakwisha. Miti iliyopandwa kwa ajili ya maji iliwapa pa kuishi. Ndege wa mdomo mrefu alivipenda vichaka vya jamrosa, akajenga humo. Yule jamaa wa kwera alijifunza kutafuta chakula katika miti ambayo babu zake hawakuijua kabisa. Leo kila aina ina maelfu ya ndege, na huonekana hata karibu na nyumba za watu. Hakuna aliyewafuga wala aliyewaleta kutoka ng'ambo. Afisa misitu aliyekuwa akifikiria udongo na vijito aliwaokoa ndege bila ya kukusudia.

Popo wa Rodrigues naye ana habari inayofanana na hiyo. Huyu ni popo mkubwa mla matunda, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani na shingoni, na ndiye mnyama pekee wa asili anyonyeshaye aliyesalia katika nchi kavu ya kisiwa hicho. Katika miaka ya 1970 hawakufika 200, nao walikuwa wamekusanyika katika bonde la Cascade Pigeon, wakilala juu ya miembe mikubwa. Mwaka 1976 Mwingereza Gerald Durrell alifika huko, akakamata baadhi yao ili wazalishwe Mauritius na katika bustani yake ya wanyama kisiwani Jersey, iwe akiba endapo wale wa porini wangekwisha. Akiba hiyo haikuhitajika kurudishwa. Miti ilipoongezeka na uwindaji ulipopungua, popo wa porini waliongezeka wenyewe, na katika miaka ya 2010 walikadiriwa kufika 20,000. Mwaka 2017 waliondolewa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa, wakawekwa katika daraja la chini yake.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atakumbuka habari za popo wa Pemba, aliye wa jamii hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba anatoweka, kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Katika miaka ya 1990 wanavijiji walianza kuunda vikundi vya kuwalinda, kama kile cha Kidike, na baada ya muda popo hao nao walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Visiwa hivyo viwili viko mbali sana, lakini mnyama ni mmoja kwa tabia: mpe miti ya kulala na umwachie usiku wake, naye atafanya yaliyobaki.

Baada ya kuyasikia hayo, mtu anaweza kusema kwamba swali limekwisha jibiwa. Miti ya kigeni imepandwa, ndege wamepona, popo wamepona. Kuna haja gani ya kusumbukia miti ya asili inayokua polepole kama inavyokua? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana ina ushahidi wa macho. Hata hivyo inasimama kwa mguu mmoja.

Kwanza, aina za mimea ambazo ni za Rodrigues peke yake, zilizosalia hadi leo, zinakaribia 40, na nyingi kati yake zimebakiwa na miti michache ya porini, nyingine miwili au mmoja. Mimea hiyo haiwezi kujitetea. Jamrosa huota kwa wingi chini ya kivuli chake chenyewe na kuyafunika mengine yote. Lantana na lusina huingia kila penye mwanya. Bonde la jamrosa huonekana kijani kibichi kutoka barabarani, na picha yake ikipigwa hupendeza, lakini ndani yake mche wa asili haupati mwanga wala nafasi.

Pili, kazi ya maji yenyewe haifanywi na kila mti kwa namna moja. Mkaratusi hukua haraka kwa sababu hunywa sana, na chini yake mara nyingi hapaoti kitu cha maana, hivyo mvua kubwa huukuta udongo karibu mtupu. Msitu wa asili wa visiwa hivyo una tabaka: michikichi na mikadi, miti ya wastani, vichaka, na chini kabisa majani yanayooza. Tena umezoea upepo. Mti uliokulia katika nchi ya vimbunga kwa maelfu ya miaka ni mfupi, mgumu, wenye mizizi iliyoshika, na unapovunjwa huchipua. Hii si sifa ndogo katika kisiwa ambacho kila kizazi hupata kimbunga chake.

Tatu, na hili huenda likawa zito kuliko mengine, wenyeji walikuwa na matumizi na majina ya miti yao. Majani ya mkadi wa Rodrigues husukwa kuwa kofia na vikapu, biashara inayolisha nyumba nyingi. Mti ukitoweka, jina nalo halina pa kukaa.

Kwa sababu hizo, katika miaka ya 1980 sehemu mbili, Grande Montagne juu milimani na Anse Quitor karibu na pwani, zilitengwa na kuzungushiwa uzio ili mifugo isiingie. Shirika la hifadhi la Mauritius, Mauritian Wildlife Foundation, lililoanzishwa mwaka 1984, lilichukua jukumu la kurudisha mimea ya asili pamoja na idara ya misitu. Namna ya kazi ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Mbegu hukusanywa kutoka kwa miti michache iliyopo, nyingine juu ya magenge. Huoteshwa katika kitalu, wakati mwingine kwa miezi mingi. Miti ya kigeni hukatwa, visiki hutolewa, miche hupandwa, na baada ya hapo huanza palizi. Palizi hiyo haina mwaka wa mwisho karibu. Miche ikiachwa misimu miwili tu magugu huirudia ardhi yake. Watumishi wanaopenda sherehe za siku ya kupanda miti wangefanya vyema kujua kwamba huko Rodrigues siku ya kupanda ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote.

Tena miti ya kigeni haikatwi yote kwa mkupuo. Ndege wa mdomo mrefu yumo ndani ya jamrosa, na popo anategemea miembe na mikwaju ambayo haikuwa ya kisiwa hicho. Bonde likifyekwa lote katika mwezi mmoja, ndege hawatangoja miaka ishirini hata mti wa asili ukue, na mvua ya kwanza itaukuta udongo hauna kifuniko. Basi hukatwa kipande, hupandwa, hungojwa, hukatwa kingine. Wako wanaoona kwamba mwendo huo ni wa kinyonga. Lakini haraka ndiyo iliyokimaliza kisiwa mara ya kwanza.

Walimu watapendezwa na habari ya mmea uitwao kafe maron, mbuni wa porini, ingawa ni wa ukoo wa mbuni tu na kinywaji hakitoki kwake. Ulidhaniwa kuwa umekwisha kabisa. Karibu na mwaka 1980 mwalimu mmoja kisiwani aliwaonyesha wanafunzi wake picha ya mmea huo, na mmoja wa wanafunzi akasema kwamba anaujua, uko karibu na kwao. Ulikuwa kando ya njia, umetafunwa na mbuzi, na ndio uliokuwa pekee uliojulikana duniani. Wataalamu walipouthibitisha, sifa yake ikageuka balaa. Wenyeji waliuamini kuwa dawa, na mara baada ya kuzungushiwa uzio watu waliuruka usiku wakavunja matawi. Uzio ukaongezwa. Mwaka 1986 vipandikizi vichache vilipelekwa kwa ndege hadi Bustani ya Kew mjini London, na kimoja kikashika. Kilitoa maua kwa miaka mingi bila ya kutoa mbegu hata moja, mpaka mwaka 2003 ambapo mtaalamu Carlos Magdalena, baada ya majaribio mengi ya kupachika chavua kwa mkono, alipata mbegu. Miche iliyotokana na mbegu hizo imerudishwa Rodrigues.

Mmea huo una ajabu moja. Ukiwa mchanga, majani yake ni membamba, marefu, ya rangi ya kahawia, kama kitu kilichokauka. Ukiisha kuwa mrefu hutoa majani mapana ya kijani. Mimea mingine ya kisiwa hicho hufanya vivyo hivyo. Wataalamu wengi wanaona kwamba hiyo ilikuwa hila dhidi ya kobe: jani lililo chini ya kimo cha shingo yake lisimvutie. Kobe wamekwisha zaidi ya miaka 200, na mmea bado unajificha.

Kobe nao wamerudishwa kwa namna yake. Mwaka 2007 ilifunguliwa hifadhi katika eneo la Anse Quitor yenye jina la François Leguat, nao kobe wa Aldabra, ndugu wa wale wanaofugwa katika kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Zanzibar, waliachiwa humo pamoja na kobe wa Madagascar. Kobe wa Rodrigues hawezi kufufuliwa, lakini kazi yake inaweza kufanywa na jamaa yake: kula magugu, kukanyaga, kumeza matunda na kuzitawanya mbegu. Makumi ya maelfu ya miche ya asili yamepandwa hapo. Watalii hulipa kiingilio, na baadhi ya vijana wa kisiwa wamepata ajira ya kuwaongoza.

Lisilokwisha bado ni suala la mifugo na ardhi. Mfugaji wa Rodrigues huuza nyama Mauritius, na kila uzio mpya humpunguzia malisho. Mkulima mwenye miembe naye hafurahii sana kuongezeka kwa popo, na hapaswi kuambiwa kwamba anakosea. Matunda yanayoliwa ni yake. Wavu wa kufunika mti, malisho ya kukata na kumletea mnyama bandani, na kazi ya kudumu katika vitalu ni mambo yanayohitaji fedha za Baraza kila mwaka, pia katika ule mwaka ambao wageni wafadhili hawakuja.

Hifadhi hizo mbili za kwanza, Grande Montagne na Anse Quitor, kwa pamoja hazifiki kilometa moja ya mraba, katika kisiwa cha kilometa 108. Mabonde makubwa yanayokusanya maji bado yamejaa jamrosa na mikaratusi iliyopandwa kwa nia njema, na ndege wamo humo. Linalobaki kuamuliwa na Baraza la Rodrigues, idara zake na wenye mifugo wa milimani ni bonde gani lianze, kipande gani kikatwe mwaka huu, na nani atakayelipwa kuipalilia miche hiyo katika mwaka wa kumi.